Bakteria wa kibuyu cha bibi: tutajuaje kama ni salama kwenye mtindi wa kuuza?

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 18 hapa Babati. Tunasindika mtindi, tunauza sokoni na kwenye shule mbili. Chachu tunanunua Arusha na kila tukirudi bei imepanda. Kijana wa dada yangu yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea mambo ya vyakula. Alichukua maziwa ya kibuyu cha bibi yake, akayapeleka maabara na kutenga bakteria mmoja anayesema ni Lactobacillus plantarum. Amempima: anastahimili asidi kama ya tumboni, anastahimili nyongo, na anaua E. coli kwenye sahani ya maabara. Anasema pia hauawi na antibayotiki mbili alizojaribu, tetrasaiklini na vankomaisini, na kwamba hilo ni jema, maana mtu akiwa kwenye dozi bakteria hawa watabaki kumsaidia. Anataka tuanze kuwatumia na tuandike 'probiotiki', yaani bakteria wenye faida kwa afya, kwenye lebo. Mwenyekiti wetu anasema wazee wamekunywa maziwa ya kibuyu hicho miaka yote na hakuna aliyedhurika, kwa hiyo inatosha. Mimi nasita. Tuna mteja anayetibiwa saratani na yeye ndiye anayetusukuma zaidi, anasema amesoma kuwa probiotiki zinaongeza kinga. Tunahitaji vipimo gani, tunavipata wapi, na huyu mteja tumwambie nini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nikuambie mapema: endelea kusita, ila usimvunje moyo huyo kijana. Amefanya kazi nzuri kwa mtu wa mwaka wa mwisho. Tatizo ni kwamba karibu vipimo vyote alivyofanya vinajibu swali la kama bakteria hao watafika utumbuni wakiwa hai. Swali lako wewe ni kama wakifika watamdhuru mtu. Hayo ni maswali mawili, na la pili hajaligusa isipokuwa kwenye antibayotiki, ambako amepata jibu muhimu akalisoma kinyume.

Nianzie hapo hapo, kwa sababu ndipo penye uzito.

Bakteria akiwa sugu kwa antibayotiki, kitu cha kwanza tunachouliza ni usugu huo umekaa wapi. Upo usugu wa asili, ambao spishi nzima inazaliwa nao kwa sababu ya umbo lake. Chukua vankomaisini. Dawa hii hufanya kazi kwa kunasa ncha fulani ya matofali yanayojenga ukuta wa bakteria. L. plantarum, L. rhamnosus na jamaa zao kadhaa wana matofali yenye ncha tofauti, kwa hiyo dawa haina pa kushika. Usugu huo umo kwenye mwili wenyewe wa bakteria na hauhamii kwa jirani. Kijana wako akikuambia bakteria wake hauawi na vankomaisini, mwambie asante, tulitegemea hivyo. Angeuawa ndipo ningeuliza kama kweli ni plantarum.

Tetrasaiklini ni habari nyingine. Usugu dhidi yake kwenye kundi hili kwa kawaida ni wa kupokea: bakteria ameupata kutoka kwa bakteria mwingine, mara nyingi kupitia plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA cha duara kinachojinakili chenyewe na kinachoweza kupitishwa kutoka seli moja kwenda nyingine zikigusana. Jeni za aina hii zimeshapatikana kwenye plasmidi za L. plantarum wa vyakula. Na kwa huko kwenu sishangai hata kidogo. Wafugaji wangapi wanamchoma ng'ombe OTC wenyewe, bila daktari wa mifugo, na jioni wanakamua? Hiyo OTC ni oksitetrasaiklini. Bakteria wanaoishi kwenye chuchu, kwenye ndoo na kwenye kibuyu wanaoga dawa hiyo mwaka hadi mwaka, na wanaobaki ni wale waliopata njia ya kuivumilia.

Sasa mchukue bakteria huyo, mzalishe peke yake, mtie kwenye mtindi ambapo kila gramu moja ina bakteria milioni 100 au zaidi, kisha wape watoto wa shule mbili kila siku. Utumbo wa mtoto una mamia ya spishi nyingine, na baadhi yao ni wale tunaowaogopa. Huenda bakteria wako asimdhuru mtoto yeyote. Lakini amebeba jeni, na jeni hiyo ikivuka kwenda kwa bakteria wa ugonjwa, siku mtoto akiugua dawa haitafanya kazi. Hicho ndicho kinachofanya watu wa fani yangu wakatae nasaba (yaani ukoo mmoja mahususi ndani ya spishi) yenye usugu wa kupokea, hata kama ina sifa nyingine zote nzuri. Ile hoja ya "atabaki kumsaidia mtu aliye kwenye dozi" inasikika kila mahali, hata kwenye matangazo ya vidonge. Mtu akiwa kwenye antibayotiki anaweza kunywa mtindi wake saa chache mbali na dawa. Haina haja ya kumtafutia bakteria mwenye silaha.

Wala usidhani haya huwapata wa vibuyu tu. Kulikuwa na nasaba ya L. reuteri iliyojulikana kama ATCC 55730, iliyouzwa nchi nyingi kwa miaka. Walipoichunguza jenomu yake, yaani DNA yake yote, wakakuta plasmidi mbili, moja yenye jeni ya usugu dhidi ya tetrasaiklini, nyingine ya usugu dhidi ya linkomaisini. Watengenezaji hawakuitupa. Waliziondoa plasmidi hizo mbili, wakapata nasaba binti inayoitwa DSM 17938, wakathibitisha kuwa tabia zake nyingine hazikubadilika, na hiyo ndiyo inayotumika leo. Kwa hiyo kijana asikate tamaa akikuta plasmidi. Ila njia ile ni ya maabara kubwa. Kwake yeye rahisi zaidi ni kurudi kwenye kibuyu na kutenga wengine. Ndani ya kibuyu kimoja hakosi nasaba kadhaa, na hazifanani.

Kuna jambo la kiufundi nataka umfikishie. Kama alipima kwa zile duara ndogo za karatasi zenye dawa juu ya agari ya MRS (jeli ya kukuzia bakteria), matokeo yake hayategemeki. Agari hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kuwakuza hawa bakteria, lakini huharibu utendaji wa baadhi ya antibayotiki. Kuna utaratibu wa kimataifa, ISO 10932, unaotumia mchanganyiko maalumu wa kukuzia na kupima kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kukua. Kiwango hicho ndicho kinacholinganishwa na mpaka uliowekwa kwa kila spishi. Kwa L. plantarum mpaka wa tetrasaiklini uko juu kuliko wa spishi nyingi za jamaa zake, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba "usugu" alioona ni uvumilivu wa kawaida. Hatujui mpaka apime vizuri. Na zile sahani za E. coli: bakteria yeyote wa maziwa anayetoa asidi ya laktiki ataiua E. coli kwenye sahani, kwa sababu ya ukali wa asidi tu. Siki ya jikoni nayo ingeiua. Asawazishe ukali wa asidi kwanza ndipo aone kama kuna kitu kingine kinachobaki.

Nimekuwa nikisema "nasaba", acha nieleze kwa nini nang'ang'ania neno hili. Watu wakisikia Lactobacillus wanasema "ah, hao ni bakteria wazuri", kana kwamba uzuri unakaa kwenye jina. Iangalie E. coli. Ile inayoitwa O157:H7 inasababisha kuhara damu na inaua figo za watoto. Nyingine, Nissle 1917, iliyotengwa Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, inauzwa hadi leo kama dawa ya tumbo. Spishi ni moja. Na hiyo Nissle yenyewe, baada ya karne nzima ya matumizi, imeonekana kuwa na jeni za kutengeneza sumu iitwayo kolibaktini, ambayo inaumiza DNA ya seli, na wataalamu bado wanabishana maana yake. Kwa hiyo mtu akikuletea unga akasema "ni lakto" bila jina kamili la nasaba, pamoja na zile herufi na namba za mwisho, hajakuambia kitu. Ni kama mtu anayeomba kazi ya kushika fedha za kikundi na anachotaja ni kabila lake tu.

(Majina yenyewe yalibadilika mwaka 2020, wakati jenasi ya Lactobacillus ilipogawanywa kuwa jenasi 25. Plantarum sasa ni Lactiplantibacillus plantarum. Ukikutana na jina hilo refu kwenye karatasi usishtuke, ni yule yule.)

Tuje kwa mwenyekiti wako na hoja ya wazee. Simbezi. Historia ndefu ya matumizi salama ni ushahidi, na hata mamlaka za Ulaya huitumia. Shirika lao la usalama wa chakula, EFSA, lilianzisha mwaka 2007 orodha ya spishi zinazochukuliwa kuwa salama kwa dhana, na historia ya matumizi kwenye vyakula ni mojawapo ya mambo yanayotazamwa. L. plantarum imo. Hiyo ni nafuu kubwa kwenu: kwa utaratibu ule, nasaba mpya ya spishi iliyomo haianzi kutoka sifuri, kinachodaiwa zaidi ni kuthibitisha kuwa kweli ni spishi hiyo na kwamba haina usugu wa kupokea. Angekuwa ametenga Enterococcus faecium, ambayo pia hupatikana kwenye maziwa na jibini na haimo kwenye orodha, ningekuambia mwache mara moja.

Lakini historia ya kibuyu ni historia ya kibuyu. Kile walichokunywa wazee ni jamii nzima ya bakteria na hamira wanaobanana, kila mmoja anamzuia mwenzake, kwenye chombo kilichofukizwa moshi, ndani ya maziwa makali. Hakuna mzee aliyewahi kunywa bakteria mmoja wa kibuyu aliyetengwa na kuzalishwa peke yake mpaka akajaa kikombe. Tena tuwe wakweli kuhusu hilo la "hakuna aliyedhurika". Nani alikuwa anahesabu? Mzee akipata homa ya vipindi na maumivu ya viungo kwa sababu ya brusela kwenye maziwa mabichi, nyumbani walisema ni malaria au ni uzee.

Mfano wa karibu zaidi upo kaskazini mwenu. Wafugaji wa ngamia wa Kenya na Somalia wana maziwa ya kuchacha yaitwayo suusac. Watafiti walipochunguza ni nani hasa anayeyachachusha, wakakuta kwa wingi Streptococcus infantarius, wa kundi linaloitwa bovis. Kundi hilo lina ndugu wabaya: mmojawapo, S. gallolyticus, anahusishwa na maambukizi ya vali za moyo na huonekana mara nyingi kwa watu wenye saratani ya utumbo mpana. Je, maziwa ya ngamia ni hatari basi? Nasaba moja kutoka humo, CJ18, ilisomwa jenomu yote na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Ilikutwa imezoea maziwa, na namna inavyotumia sukari ya maziwa inafanana na ya Streptococcus thermophilus wa mtindi wa kawaida. Inaonekana imeishi kwenye maziwa vizazi vingi. Hata hivyo waliofanya kazi hiyo hawakusema "haya, itengenezeni chachu muuze". Ukaribu wake na wale wa magonjwa unadai uchunguzi zaidi kabla ya kuizalisha makusudi. Maziwa yanaendelea kunywewa na bakteria wake anaendelea kuchunguzwa, na sioni mgongano.

Sasa vipimo. FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, waliitisha wataalamu Córdoba, Argentina, mwaka 2001, na mwaka uliofuata kikundi kazi kikakaa London ya Ontario, Kanada, kikaandika mwongozo unaofuatwa mpaka sasa, ingawa zana zimebadilika. Nikiutafsiri kwa hali yenu, mambo yangekwenda hivi.

Kwanza ni utambulisho. Siku hizi ni kusoma jenomu yote. Kipimo cha jeni moja tu iitwayo 16S, ambacho nadhani ndicho kijana alichotumia, hakiwezi kumtofautisha vizuri plantarum na spishi ya jirani yake, pentosus. Ukishakuwa na jenomu, kompyuta inaitafuta kwenye hifadhidata za jeni za usugu na za sumu. Ndipo utajua kama ile tetrasaiklini ina jeni nyuma yake, na kama jeni hiyo iko kwenye plasmidi au imekaa kwenye kromosomu (DNA kuu ya bakteria) mbali na vitu vinavyohamahama. Nasaba yenyewe ihifadhiwe kwenye benki ya vimelea inayotambulika, ipewe namba. Bila hivyo, baada ya miaka mitatu ya kuzalisha na kuhamisha, hamtajua kama mlicho nacho ni kile mlichopima.

Baada ya hapo ni mwenendo wake kwenye chakula. Baadhi ya bakteria wa maziwa hugeuza protini kuwa histamini na tiramini. Histamini nyingi humletea mtu kuwashwa, kichwa kuuma, uso kuwa mwekundu. Tiramini ni hatari kwa wanaotumia dawa fulani za zamani za mfadhaiko, kwa kuwa inapandisha presha ghafla. Halafu asidi ya laktiki ina maumbo mawili, na mwili wetu huichakata moja, ile ya L, haraka kuliko ya D. Plantarum anatoa zote mbili. Kwa mtu mzima mwenye utumbo kamili hilo halina shida. Kwa aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, asidi ya D inaweza kujikusanya kwenye damu mpaka akaongea kama mlevi. Mwongozo ule unataja pia kipimo cha kuvunja chembe nyekundu za damu kwenye agari ya damu na namna bakteria anavyobadili chumvi za nyongo. Hivi vya mwisho ni rahisi, kijana anaweza kuvifanya wiki hii.

Mwisho ni binadamu: jaribio kwa watu wenye afya huku madhara yakiandikwa, na ufuatiliaji bidhaa ikishaingia sokoni. Hapa Finland ni walimu wetu. L. rhamnosus GG iliingia kwenye maziwa yao mwaka 1990 na matumizi yakapanda sana. Wakaenda kwenye rekodi za hospitali kutazama kama maambukizi ya Lactobacillus kwenye damu nayo yamepanda. Hayakupanda. Walikuta wagonjwa wachache ambao bakteria wao walifanana na nasaba hiyo, na wengi wa waliopata maambukizi hayo walikuwa na maradhi makubwa tayari. Huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko tangazo lolote.

Gharama? Kusoma jenomu moja kumeshuka bei sana, lakini kazi yote pamoja na jaribio la watu si ya mfuko wa kikundi. Ni kazi ya chuo. Kijana aanze na msimamizi wake, na kama hawana vifaa, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kina idara ya sayansi ya chakula, na Nelson Mandela kiko jirani yenu Arusha. Apeleke kama mradi wa utafiti, akiwa ameandika wazi kwamba kibuyu ni cha bibi yake na kikundi chenu kinastahili sehemu kama siku moja kitatoka kitu cha kuuza. Hilo mliandikiane mapema.

Kwa upande wa biashara, usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu mwaka 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), na kwa maziwa mna Bodi ya Maziwa. Muoneni afisa wao kabla ya kubadili chachu au kuchapa lebo mpya. Kuhusu neno "probiotiki", ushauri wangu ni msiliandike. Maana yake inayokubalika ni bakteria hai ambao wakitumiwa kwa kiasi cha kutosha wanaleta faida ya kiafya, kwa hiyo anayeliandika anadai faida imethibitishwa. Ulaya wanalihesabu neno hilo lenyewe kuwa dai la kiafya, na madai karibu yote yaliyopelekwa EFSA kuhusu probiotiki yalikataliwa. Lililopita ni la mtindi wa kawaida: bakteria wake hai husaidia kumeng'enya sukari ya maziwa kwa watu ambao maziwa huwasumbua tumbo, mradi wawe angalau milioni 100 kwa gramu. "Mtindi wenye bakteria hai" ni maneno ya kweli na yanauza pia.

Na bei ya chachu, ambayo ndiyo iliyoleta yote haya? Kuna njia ya katikati ambayo Afrika Mashariki imeshaijaribu. Mwaka 2004 akina mama wa Mabatini, Mwanza, kikundi cha Tukwamuane, walianza kutengeneza mtindi wenye nasaba ya L. rhamnosus GR-1 wakishirikiana na chuo kikuu cha London, Ontario, mji ule ule ambako mwongozo niliokutajia uliandikwa. Nasaba ile ilikuwa tayari na makabrasha yake ya usalama. Akina mama hawakulazimika kuanza upya. Huko Uganda, taasisi ya Yoba for Life yenye asili ya Uholanzi ilichukua nasaba ya GG baada ya hataza yake (haki ya mgunduzi) kuisha, wakaiita yoba 2012 na kuichanganya na Streptococcus thermophilus, kwa sababu rhamnosus huyo peke yake hawezi kuitumia vizuri sukari ya maziwa. Wanaiuza kwa pakiti ndogo za wasindikaji wadogo, na imefika pia Tanzania. Ulizeni bei yake mlinganishe na ya Arusha. Nasaba inayojulikana kwa bei nafuu itawavusha wakati ya kwenu inachunguzwa.

Jambo ambalo hukuliuliza: kwenye usindikaji mdogo, wanaoumiza watu mara nyingi si bakteria tuliowatia wenyewe, ni walioingia bila kualikwa. Mwaka 2014 huko Marekani mtoto njiti alifariki kwa fangasi waliokuwa wameingia kwenye unga wa probiotiki aliopewa hospitali. Nasaba zilizoandikwa kwenye chupa hazikuwa na kosa. Kwenu hatari ni maziwa yasiyochemshwa vizuri. Ukali wa mtindi hauwezi kutegemewa kuua brusela wala kifua kikuu cha ng'ombe. Mkifikisha nyuzi 85 na kuzishikilia dakika 30, mkapoza kwenye sufuria iliyofunikwa, mkatia chachu kwa kijiko kilichochemshwa, mmemaliza sehemu kubwa ya kazi ya usalama. Msiendelee kuchota mtindi wa jana kuwa chachu ya leo wiki baada ya wiki. Kila mzunguko unaalika wageni. Na siku maziwa yakikataa kuganda ingawa chachu ni ile ile, msiongeze chachu. Muulizeni mfugaji kama amechoma ng'ombe dawa.

Sasa mteja wenu. Mwambieni kwa upole kwamba hakuna bakteria "anayeongeza kinga" kwa jumla jumla, na kwamba kwa mtu aliye kwenye dawa za saratani swali la usalama linageuka kabisa. Dawa zile hushusha chembe nyeupe za damu na kuchubua utando wa utumbo, hivyo bakteria ambaye kwako angepita tu anaweza kupata mlango wa kuingia kwenye damu. Hutokea kwa nadra, lakini likitokea ni kubwa. Pia tulipata funzo chungu huko Uholanzi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio kwa wagonjwa mahututi wa kongosho, waliopewa mchanganyiko wa nasaba sita kwa mpira wa kuingia utumbuni, kwa matumaini ya kuzuia maambukizi. Kati ya 152 waliopewa bakteria walifariki 24. Kati ya 144 waliopewa unga mtupu walifariki 9. Tisa wa kundi la bakteria utumbo wao ulikosa damu, na upande wa pili hakuna hata mmoja. Nasaba zile zilikuwa hazijulikani kuwa na ubaya wowote kwa watu wenye afya.

Wala udhaifu wa kinga haufanani kwa watu wote. Mwanza wanawake wenye VVU walipewa vidonge vya bakteria wa aina hii kwa wiki 25. CD4 zao (chembe za kinga) hazikuonyesha faida, na madhara pia hayakuonekana. Ndiyo maana siwezi kumjibu mteja wako nikiwa mbali, na wewe usijaribu kumjibu dukani. Amuulize daktari anayemtibu, aende na jina la chachu mnayotumia, na aulize hasa kuhusu siku zile ambazo chembe nyeupe zinashuka baada ya kila dripu. Ushauri huo huo ni kwa mwenye mpira wa dawa uliobaki kwenye mshipa mkubwa, mwenye vali bandia ya moyo, aliyekatwa utumbo, na mzazi wa mtoto njiti. Hao msiwauzie kwa sifa ya tiba hata wakiwaomba.

Akipata homa inayofika nyuzi 38 wakati wa matibabu, asisubiri asubuhi, aende hospitali siku hiyo hiyo, awe amekunywa mtindi au hakunywa. Akifika aseme kwamba hutumia mtindi wa bakteria hai. Lactobacillus wakionekana kwenye kipimo cha damu, mara nyingi maabara hudhani ni uchafu wa sindano wakapuuza, na vankomaisini, ambayo madaktari wengi huikimbilia kwa homa za namna hiyo, haitawagusa kwa sababu niliyokueleza mwanzoni. Penisilini au ampisilini mara nyingi huwamaliza, lakini lazima daktari ajue kwanza ni nani anayemtafuta.

Kijana akishapata majibu ya jenomu, nitumie nakala. Ningependa kuona hiyo tetrasaiklini imekaa wapi.